MAMBO YA BUSTANI: Majani ya Uwanjani Mwisho wa Kaskazi

Ufikapo mwisho wa Februari, Kisiwa cha Mombasa huwa kimekwisha kukaa muda mrefu chini ya jua la kaskazi. Mvua za vuli zimesahauliwa, masika hayajaingia, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote ya mwaka. Ndipo mwenye nyumba wa Tudor, Ganjoni au Kizingo atazamapo uwanja wake wa majani na kuuona umegeuka rangi ya kuti kavu. Mmoja hufungua mfereji kutwa kucha. Wa pili humwaga mbolea ya dukani. Wa tatu hushika jembe akang'oa yote ili aanze upya. Watu hawa watatu hujitaabisha bure, kwa kuwa majani yale, mara nyingi, hayakufa. Yamelala.

Majani yanayopandwa sana katika viwanja vya pwani ni ukoka. Ukoka hutambaa juu ya ardhi, tena una mashina mengine yanayopita chini ya udongo, na humo ndimo unamoweka akiba ya chakula chake. Maji yakipungua, huacha majani ya juu yakauke ili uhai ubaki chini. Anayetaka kujua hali yake na achimbue kipande kidogo. Akiona shina la chini ni gumu na jeupe ndani, ukoka u hai. Likiwa limenyauka, la kahawia, na kukatika kama kijiti kikavu, mahali pale pamekufa, na patangoja kupandwa wakati wa mvua.

Jambo la pili ni maji, na hapa yafaa hesabu ifanywe kabla ya ndoo kuinuliwa. Kisiwa hakina mto. Maji ya mfereji hutoka bara: chemchemi za Mzima katika Tsavo, zilizo umbali wa zaidi ya kilomita 200, Marere katika milima ya Shimba, na Baricho kando ya mto Sabaki. Hayawatoshi watu wote wa mji, na nyumba nyingi hununua maji ya madumu yaletwayo kwa mkokoteni. Basi uchukuliwe uwanja mdogo wa mita 10 kwa mita 5. Kuufanya uwe kijani wakati wa kaskazi hutaka kiasi cha milimita 25 za maji kila wiki, yaani lita 1,250, au madumu zaidi ya 60 ya lita 20. Lakini kuuhifadhi usife tu, milimita 12 kwa muda wa wiki nne zatosha: lita 600, madumu 30. Mwenye watoto wa kuoga na nguo za kufua hana haja ya kuuliza lipi ni bora.

Wako wenye visima, lakini hao nao wajihadhari. Kisiwa kimejengeka juu ya mwamba wa matumbawe, na maji matamu yapunguapo chini, maji ya bahari hupenya. Ukoka huvumilia chumvi kiasi, ila anayenyunyiza kidogo kidogo kila siku huacha chumvi juu ya udongo, jua likaikausha papo hapo. Heri kumwaga mengi kwa mara moja, alfajiri au jioni, yazame hata chini. Maji yaliyofulia nguo hufaa pia, mradi hayana dawa ya kung'arishia nguo, wala hayamwagwi mahali pamoja siku zote.

Majani yasikatwe chini sana wakati huu. Yaachwe yafikie kama sentimita 5, ili yaufunike udongo usichomwe na jua, na mashine au fyekeo liwe kali. Vipande vilivyokatwa viachwe hapo hapo. Mbolea ya dukani isitiwe kabisa, maana mmea uliolala hauwezi kuila, na huenda ikauunguza.

Tena kuna umanjano usiotokana na kiu. Jani changa likiwa la manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kosa ni la chokaa iliyomo katika udongo wa matumbawe, ambayo huuzuia mmea usipate madini ya chuma. Maji hayaponyi hilo. Samadi iliyooza vizuri, ikitiwa masika yanapoanza, husaidia.

Katika Mji wa Kale nyumba zimebanana, na mwenye ua wa wazi ni mtu wa bahati. Lakini ua huo mara nyingi umo katika kivuli cha kuta ndefu, nao ukoka hauvipendi vivuli. Hapo yafaa zaidi yapandwe majani mapana ya pwani yaitwayo majani ya Pemba, ambayo hustahimili kivuli kuliko ukoka.

Kazi ya mwezi wa Machi, basi, ni kujitayarisha. Udongo ulioshikamana kwa kukanyagwa utobolewe kwa uma wa bustani, ili mvua ya kwanza iingie badala ya kutiririka barabarani. Samadi ichekechwe na kuwekwa tayari mahali pakavu. Mvua za Aprili zikishika, itandazwe kidogo juu ya uwanja, na penye upara papandwe vipande vya ukoka vyenye pingili mbili au tatu, umbali wa shibiri moja. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na vipande hivyo havitahitaji hata dumu moja.

Aliyeng'oa uwanja wake mwezi wa Februari atakuwa akinunua miche wakati huo, na jirani yake aliyesubiri atakuwa akinoa fyekeo.