Munganga wa mifupa: tusihesabu paka miaka

Jiwe likianguka mu shimo, likavunja muguu mpaka mufupa kutoka inje ya ngozi, kidonda kinapaswa kusafishwa mbio. Kikichelewa, mikrobe inaingia mu mufupa, na muguu unaweza kukatwa. Njo maana jamaa wako na haki ya kuuliza: yule asistanti anayepokea mugonjwa usiku, hii kazi ameifanya mara ngapi kwa mukono wake?

Tangu Halsted apange masomo ya upasuaji kule Baltimore, Marekani, mwisho wa karne ya 19, jibu lilikuwa miaka. Lakini asistanti wawili wanaweza kukaa mu hopitali moja miaka 5: mumoja anapasua kila juma, mwengine anashikia paka mukubwa wake vyombo. Diploma yao ni moja.

Mu 2009, universite ya Toronto, kule Kanada, ilijaribu njia ingine kwa wanganga wa mifupa. Kwanza, mazoezi makali ya mikono. Kisha hatua kwa hatua: hauendi mbele kama haujaonyesha kwamba ile ya nyuma unaijua. Wamoja walimaliza kwa miaka 4 tu. Kuanzia 2017, Kanada ikaanza kupeleka mufumo huu mu masomo ya spesialite zingine. Marekani nayo, mu 2023, ilichagua kazi 18 ambazo kila asistanti wa upasuaji wa kawaida anapimwa juu yake.

Mu Kanada, kipimo kimoja kiko na ngazi 5. Chini kabisa, munganga mukubwa anaandika kwamba kazi aliifanya yeye mwenyewe. Juu kabisa, kwamba hata hakuhitajika kuwa pale. Sisi mu mine tunajua hii mambo: nani anapewa bene kwa sababu tu alikaa miaka kando ya dereva?

Lakini mukubwa lazima awe pale, aone, na aandike ukweli. Hata kule Kanada, asistanti wanalalamika fomu zimezidi. Basi mahali munganga mukubwa ni mumoja, na wagonjwa wamejaa mu kulware, fomu 18 zitajazwa bila kuona kitu. Afazali kazi chache. Mu 2015, wataalamu wa komisyo ya Lancet walitaja tatu ambazo hopitali ya kwanza inapaswa kuweza: kupasua tumbo, sezariene, na ule mufupa uliotoka inje. Kwa hizi tatu, kitabu kimoja kinatosha, na sinyatire ya mutu aliyeona kwa macho yake.