Jogoo mkali ni hasara, hata akiwa na mbegu nzuri

KATIKA vijiji vingi si ajabu kumwona mtoto wa miaka minne akienda chooni na fimbo mkononi. Haogopi nyoka wala mbwa wa jirani, bali jogoo wa nyumbani kwao. Wageni nao hupiga hodi wakiwa mbali, na mama mwenye nyumba hutoka na beseni la kujikingia kabla hajawakaribisha. Wakubwa hucheka, na baba hujisifu kwamba jogoo wake ni dume kweli kweli.

Kicheko hicho kina gharama yake, ila kwa kuwa haiandikwi popote, wengi hawaioni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kuku wa kienyeji ndiye benki ya mkulima mdogo: hulipa sare ya shule, hununua dawa, na hugeuka kitoweo mgeni anapofika. Mali ya namna hiyo haifai kuachwa iongozwe na jogoo ambaye hakuna aliyekaa akafikiri kama anastahili kubaki.

Hesabu ya majogoo

Kwa kuku wa kienyeji, jogoo 1 anatosha mitetea 8 hadi 10. Ichukuliwe kwa mfano kaya yenye mitetea 20 na majogoo 7. Wanaohitajika kwa kupandisha ni 2 tu, hivyo 5 wamezidi. Jogoo mzima akila gramu 120 za chakula kwa siku, hao 5 kwa siku 180 watakuwa wamekula kilo 108, yaani zaidi ya gunia la kilo 100. Hata kama nusu ya chakula hicho wanajitafutia wenyewe kwa kuchakura, bado zinabaki kilo 54 zilizotoka mfukoni au ghalani kwa mwenye kuku.

Hiyo ni hasara ya chakula peke yake. Majogoo wakizidi hugombana kutwa, na mitetea ndiyo inayoumia. Dalili huonekana mapema: manyoya ya mgongoni na kisogoni yananyonyoka, ngozi inachubuka, na kidonda kikishatoka damu kuku wengine nao wanaanza kukidonoa. Mtetea anayekimbizwa mchana kutwa hali vya kutosha, hutaga vichakani mahali asipopajua mtu, na anayeatamia hufukuzwa kwenye kiota mayai yakapoa. Mfugaji hulaumu mwewe na kicheche kwa uchache wa vifaranga, kumbe sehemu ya hasara iko ndani ya uzio wake.

Wanyama wengine hawasalimiki. Jogoo mkali huwarukia vifaranga vya bata, huwafukuza kanga kwenye chakula, na wapo wanaomsumbua hata mbuzi aliyefungwa kamba. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Mkali alivyopewa kiti

Inafaa kujiuliza jogoo wa aina hiyo alipataje nafasi ya kuwa baba wa kundi zima. Mara nyingi hakuchaguliwa na mfugaji, bali na soko. Mchuuzi anapofika kijijini na tenga lake, huchagua majogoo wazito na wanaokamatika kwa urahisi. Watulivu wanaouzika hukamatwa kwanza, hasa msimu wa Iddi, Krismasi na Mwaka Mpya bei inapopanda. Anayebaki ni yule aliyekimbilia juu ya paa au aliyemparura mkamataji. Msimu unaofuata ndiye anayepanda mitetea yote.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la kibiashara. Ukali wa kuku hautokani na malezi peke yake, kwa kuwa sehemu yake hurithiwa. Mfugaji anayeuza mtulivu na kubakiza mkali anazalisha wakali kila mwaka bila kukusudia. Mkulima huyohuyo hawezi kula mahindi yenye masuke makubwa yote akabakiza ya hovyo kwa ajili ya mbegu. Kwenye kuku anafanya hivyo bila kushituka.

Suala la kuchi linahitaji kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Kuchi ni kuku mrefu, mwenye shingo ndefu na kifua kilichosimama, anayejulikana sana kanda ya ziwa, magharibi mwa nchi na pwani. Uchunguzi wa vinasaba umeonesha ana undugu na kuku wa kupigana wa bara la Asia. Jogoo wake aliyekomaa hufikia kilo 2.5 na zaidi, wakati jogoo wa kienyeji wa kawaida huwa na kilo 2 hivi au pungufu. Ndiyo maana bei yake ni kubwa, na wafugaji wengi humnunua ili kuongeza umbo la kundi.

Hakuna ubaya kufanya hivyo. Ila anayenunua uzito wa kuchi ajue kuwa ugomvi nao unaweza kuja humo humo. Kabla ya kutoa fedha, amwone jogoo akiwa na mitetea na akiwa na watu, si akiwa amefungwa miguu sokoni. Miongoni mwa kuchi wapo watulivu, na hao ndio wanaostahili bei ya mbegu.

Si mzaha kwa familia

Jogoo huanza kubadilika akifika umri wa miezi 5 hadi 6, homoni za kiume zinapopanda. Hushusha bawa moja, huzunguka kwa mbavu, na hupenda kushambulia kutoka nyuma. Silaha yake ni kipi, ule mwiba mgumu ulio nyuma ya mguu. Kwa mtu mzima huparura ugoko, lakini kwa mtoto mdogo urefu huo huo ni uso na macho.

Wazee nao wamo hatarini. Mwaka 2019 wataalamu wa Australia walichapisha taarifa ya mama wa miaka 76 aliyekuwa akiokota mayai, jogoo akamdonoa mguuni kwenye mshipa uliovimba, akavuja damu hadi kufa. Ni tukio la nadra sana, lakini linatosha kuondoa kicheko. Hatari iliyo ya kawaida zaidi ni uchafu. Kipi hushinda kwenye kinyesi na udongo, hivyo jeraha lake lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni. Likiwa limezama, au likiwa usoni, aliyejeruhiwa apelekwe zahanati, akapimwe pia kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

La kufanya kabla ya kisu

Si kila jogoo mwenye hasira ni wa kuchinjwa siku hiyo hiyo. Wengine wamefundishwa ukali na watu wenyewe. Mtoto anayemtupia mawe, kijana anayemchokoza kwa mguu ili acheke, na mtu anayekimbia kila anapofuatwa, wote wanamfundisha jogoo kwamba vita inalipa. Kumpiga teke au kumchapa nako hakusaidii, maana kwake hiyo ni ishara kuwa amepata mpinzani, na kesho atarudi na nguvu mpya.

Njia inayofaa ni utulivu. Anapokuja, mtu mzima asimpe mgongo. Asimame, kisha amsogelee polepole huku ameweka beseni au ubao mbele ya miguu, mpaka jogoo mwenyewe arudi nyuma. Anayeweza kumkamata ambane kwapani kwa muda hadi atulie, akiwa amevaa shati la mikono mirefu. Kazi ya kulisha na kuokota mayai isiachiwe watoto wadogo kwa kipindi hicho.

Sambamba na hilo, majogoo wa ziada wapunguzwe, vyombo vya chakula na maji viwe zaidi ya kimoja na viachane, na banda lisijazwe kupita kiasi. Ncha ya kipi inaweza kupunguzwa kidogo kwa tupa hadi iwe butu. Isikatwe kwa kina, kwani ndani yake kuna nyama hai na mfupa, na damu itatoka. Jogoo husika atengwe kwenye banda lake kwa wiki 2 hadi 3, apewe chakula na mtu mzima yule yule, kisha arudishwe na kuangaliwa.

Akirudia kushambulia watu, mjadala umekwisha. Huyo ni wa kitoweo au wa kuuzwa kwa kitoweo. Kumwacha aendelee kuzeeka si huruma. Nyama yake inazidi kuwa ngumu, chakula kinazidi kuliwa, na vifaranga vyake vinazidi kuongezeka. Kama alipewa dawa kwa ajili ya majeraha, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ziheshimiwe kabla ya kuchinjwa.

Wengi husita hapo kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba bila jogoo mitetea haitataga. Si kweli. Mtetea hutaga bila jogoo, tofauti ni kwamba mayai hayo hayaanguliwi. Kwa anayeuza mayai ya kula hiyo ni faida, kwa kuwa yai lisilo na mbegu halikui kiinitete hata likipata joto. Kwa anayetaka vifaranga, mbegu ya jogoo hubaki ndani ya mtetea kwa siku kadhaa, kwa kawaida wiki moja hadi mbili, hivyo upo muda wa kutafuta mwingine. Huyo mpya atengwe angalau siku 14, na awe amechanjwa mdondo. Chanjo ya I-2 ni tone 1 tu jichoni, kila baada ya miezi 3.

Hoja ya pili ni kwamba jogoo mkali ndiye mlinzi. Ni kweli jogoo mzuri huangaza angani, hupiga kelele akimwona mwewe, na huita mitetea akipata chakula. Kazi hizo hazihitaji kumparura mtoto wa mwenye nyumba. Jogoo anayejua kumtofautisha mwewe na binadamu yupo, na ndiye wa kuwekwa. Vifaranga navyo hulindwa vizuri zaidi na tenga na banda kuliko na kipi.

Uaminifu wa muuzaji

Limebaki jambo la ujirani mwema. Kubadilishana majogoo ni desturi nzuri, inasaidia kuepuka baba kupanda watoto wake. Lakini wapo wanaoitumia kuhamisha tatizo. Jogoo aliyewashinda hupelekwa kwa jirani au mnadani akiitwa mbegu bora, na bei ya mbegu inatozwa. Huo si ujanja wa biashara, ni udanganyifu. Anayemfahamu jogoo wake kuwa ni mkali amuuze kwa bei ya nyama na aseme wazi.

Vikundi vya wafugaji vinaweza kulimaliza hili kwa makubaliano mepesi: jogoo wa mbegu aonekane akiwa na mitetea yake, na anayerudishwa ndani ya mwezi mmoja kwa sababu ya kushambulia watu apokelewe. Maofisa mifugo wa kata nao wanapofundisha chanjo na chakula, waongeze somo la kuchagua jogoo kwa tabia pamoja na umbo.

Mwanzo wake hauhitaji mkopo wala semina. Jioni ya leo mfugaji ahesabu mitetea yake, ahesabu na majogoo, kisha amuulize mtoto mdogo wa nyumba ni jogoo yupi anamwogopa. Mtoto hatakosea, na huyo aliyetajwa ndiye aanze kuingia kwenye tenga mchuuzi anapofika.