Mtoto wa mkimbizi asiachwe nyuma na aljebra: maswali matatu kwa kila mzazi

Ndugu wasikilizaji wa Bihambwe, na nyinyi familia mulio mbali na mashamba yenu, leo nazungumzia jambo ambalo vita vinanyanganya watoto wetu kimya kimya: mfuatano wa masomo.

Familia nyingi za Masisi zilikaa kambini Bulengo, Lushagala na Rusayo. Februari 2025 kambi zikabomolewa, watu wakatoka tena. Mtoto wa mwaka wa saba anaanza milinganyo, ile wanayoita ekwasyo, katika shule moja, anakimbia, anakuta kalasi nyingine imefika mbali. Kichwani anabaki na sheria moja tu: «namba ikivuka, inageuza alama». Kwa nini igeuze? Hajui.

Maoni yangu ni haya: sheria isiyo na sababu ndiyo inayoangusha watoto wetu. Hesabu yenyewe si ngumu. Kila mtu aliyeona mizani ya sahani mbili sokoni anaweza kuielewa.

Tuseme sahani moja ina mifuko 3 ya maharagi yenye uzito sawa, pamoja na jiwe la kilo 4. Sahani ya pili ina kilo 19. Mizani imetulia. Uzito wa mfuko mmoja hatuujui, tuuite x:

3x + 4 = 19

Ukitoa lile jiwe peke yake, mizani itainama. Kwa hiyo toa 4 huku na huku:

3x = 15

Gawanya pande zote kwa 3:

x = 5

Sasa rudisha jibu mwanzoni: 3 × 5 + 4 = 19. Ni kweli. Hakuna namba iliyovuka. Tulitenda haki kwa pande zote mbili.

Wengine watauliza: mtoto aliyelala na njaa, x itamusaidia nini? Chakula kwanza, hapo sibishani. Lakini tazameni kazi ya hapa kwetu, karibu na machimbo ya Rubaya. Tuseme kijana analeta kilo 3 za koltani, mnunuzi anakata dola 6, anamupa 84. Alihesabiwa bei gani kwa kilo?

3x − 6 = 84
3x = 90
x = 30

Kama walipatana dola 32, alipashwa kupokea 3 × 32 − 6, ni kusema dola 90. Dola 6 zimepotea. Asiyejua hesabu hii anashukuru na kwenda nyumbani.

Tena, shule ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, lakini kuanzia mwaka wa saba mzazi bado anatoa feza. Aljebra inaanza palepale malipo yanapoanza. Mtoto akishindwa hapo, mzazi aliyeuza mbuzi anaona amepoteza bure, na mara nyingi binti ndiye wa kwanza kutolewa shuleni.

Mzazi, hata kama hukusoma, chukua kaye ya mtoto jioni na umuulize maswali matatu. Umefanya nini kwenye mstari huu? Umekifanya pande zote mbili? Umerudisha jibu mwanzoni? Akijibu yote, anajua. Akinyamaza, mumepata mahali alipopotelea.

Na nyinyi walimu, mtoto mgeni akifika, musimuulize tu alifika ukurasa gani. Mumupe mlinganyo mmoja, aandike kila hatua kwenye mstari wake, muone ni mstari gani uliobaki njiani alipokimbia. Muanzie hapo.

Nawaachia mmoja wa leo jioni: 5x − 3 = 2x + 9. Mwanzo, toa 2x pande zote. Mtoto akipata 4, musikubali haraka; airudishe kwanza kwenye mizani.