Kopi ya BIOS ni mali ya mwenye kompyuta

Umeme ukikatika ghafla, laptopu yenye betri iliyochoka inazimika papo hapo. Kama ilikuwa inasasisha BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, huenda isiwake tena. Fundi mwenye kifaa cha CH341A, cha dola chache tu, anaweza kuibana chipu ya BIOS kwa kibanio na kuiandika upya bila kuing'oa. Kazi hiyo inaokoa mashini ambazo zingetupwa. Lakini ikifanywa haraka haraka, hasara inamwangukia mteja peke yake.

Kwanza kuna volti. CH341A nyeusi, ile ya bei rahisi, inajulikana kwa kupeleka volti 5 kwenye miguu ya data, ilhali chipu nyingi za laptopu ni za volti 3.3. Mara nyingi chipu inavumilia, ndiyo maana mafundi wamezoea. Chipu za volti 1.8 ziko hatarini zaidi, na tofauti inaweza kuwa herufi moja: W25Q64FV ni ya 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8. Fundi asiye na lenzi ya kusoma herufi hiyo asiunganishe kitu. Chaja na betri navyo viondolewe kwanza.

Kosa linaloudhi zaidi, hata hivyo, ni kufuta kabla ya kuhifadhi. Chipu ya namna hii lazima ifutwe ndipo iandikwe, na ndani yake mara nyingi mna namba ya mashini na ufunguo wa leseni ya Windows. Fundi akichukua kwenye intaneti faili ya modeli hiyohiyo na kuiandika, kompyuta inaweza kuwaka, na mteja akalipa na kushukuru. Baadaye Windows inadai leseni. Siku mwenyewe akitakiwa kuonyesha kwamba mashini ni yake, namba ya ndani hailingani na ile iliyobandikwa chini.

Kinga yake ni kuisoma chipu mara mbili au tatu na kulinganisha kopi, kisha kuifungua faili na kuitazama. Kopi mbili zilizojaa FF mwanzo hadi mwisho zinalingana kabisa, lakini hazina kitu. ThinkPad X230 ina chipu mbili, moja ya MB 8 na nyingine ya MB 4. Aliyehifadhi moja hajamaliza.

Kuna mafundi wanaojitetea kwamba mashini ililetwa ikiwa imekufa. Hoja hiyo haina nguvu. Kompyuta isiyowaka bado inaweza kuwa na namba zake zote kwenye chipu, mpaka mtu azifute. Faili yenyewe mara nyingi ni MB 8 au 16, inatumwa kwa WhatsApp kama video fupi. Mteja aidai kabla ya chipu kufutwa, si siku ya kulipa.