Kuingia Google si kukaa Google

Wazazi wengi wetu hapa Ghuba hufurahi wakisikia mtoto ameitwa kwenye usaili wa Google, hasa kwa kazi ya Marekani. Usaili huo ni mgumu. Mtu huhojiwa na watu kadhaa, huandika programu huku akieleza anavyofikiri, na majibu yake hupitiwa na kamati, si bosi mmoja.

Lakini ugumu wa mlango si dhamana ya kukaa ndani. Januari 2023 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza wafanyakazi 12,000, na Marekani habari ziliwafika kwa baruapepe. Mgeni mwenye viza ya H-1B akiachishwa kazi hupewa siku zisizozidi 60 apate mwajiri mwingine, abadili viza, au aondoke pamoja na mke na watoto wanaomtegemea.

Nimeshika mafaili ya watumishi miaka mingi. Kinachomlinda mtu ni karatasi, si jina la kampuni. Kijana akifaulu, naye amsaili mwajiri kabla ya kutia saini: nikiachishwa nitalipwa nini, na viza yangu itakuwaje? Na akiba itangulie gari jipya.