Usiniulize kwa nini sivitupi viatu hivi

Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi. Ama viatu vile viondoke mlangoni, ama niondoke navyo.

Kwa kweli simlaumu. Ni jozi ya buti za ngozi ambazo zamani zilikuwa za rangi ya kahawia, lakini leo hata mimi mwenyewe siwezi kuitaja rangi yake. Zimechunika puani, kamba ya kushoto haifanani na ya kulia, na kisigino kimoja kina kiraka. Mgeni mmoja aliwahi kutuuliza kama tumeajiri mlinzi wa usiku.

Nilivinunua Gikomba mwaka wa 2011, nikiwa bado mwanafunzi wa chuo cha uandishi wa habari. Mwuzaji alianza na Sh3,500, nikaondoka na kurudi mara mbili, mwishowe akakubali Sh1,800. Msomaji uliyewahi kuishi kwa mkopo na chai ya rangi unajua pesa hizo zilikuwa nini kwa mwanafunzi. Ndani ya ulimi wa kiatu mlikuwa na maandishi ya Kijerumani, na ngozi ilikuwa imekwisha kukunjwa na miguu ya mtu mwingine. Majuma mawili ya kwanza nilikuwa kama mpangaji aliyehamia nyumba ambayo mwenyewe hajaondoka. Malengelenge yaliota, yakapasuka, yakaota tena. Nilivivaa darasani, nikavivaa kwenye matatu, nikavivaa hata siku ya kuhojiwa kwa kazi yangu ya kwanza. Kazi ile sikuipata, ingawa sidhani kosa lilikuwa la viatu.

Baadaye tukazoeana. Nimepanda navyo Longonot, ambayo kilele chake ni mita 2,776, mara nyingi kiasi kwamba vumbi lake halitoki tena kwenye mishono. Nimevizungusha Ngong, nikavitosa katika matope ya Aberdare, na Mlima Kenya vimeuona mara nne. Vimebadilishwa soli mara mbili na fundi mmoja mzee anayeketi chini ya mwavuli karibu na kituo chetu cha basi. Siku nilipompelekea mara ya kwanza alivigeuza, akavigonga kwa kidole, akaninong'oneza kana kwamba anazungumza juu ya ng'ombe wa mahari: "Kijana, hivi usiuze."

Nilimwuliza ameona nini. Akanionyesha uzi. Katika viatu vya aina hii ngozi ya juu imeshonwa kwenye ukanda unaozunguka kiatu chote, na soli ikashonwa kwenye ukanda huohuo. Soli ikilika, fundi anakata uzi, anaing'oa, anashona nyingine, na ngozi haijui kwamba kuna lililotendeka. Lakini viatu vingi vya siku hizi havina uzi hapo. Soli imebandikwa kwa gundi, na gundi ikichoka kazi huwa ngumu.

Wako wanaodhani soli ni jambo dogo. Mwaka wa 1935, huko Italia, mpanda milima mmoja aitwaye Vitale Bramani aliwapoteza wenzake sita katika milima ya Alps, na lawama moja kubwa iliangukia viatu walivyovaa, ambavyo havikufaa kwa baridi na barafu ile. Bramani alirudi nyumbani akaanza kutafuta soli ya mpira yenye meno marefu ya kushika mwamba. Mnamo 1937 akaipata, na jina la Vibram ambalo hadi leo unaliona limechorwa chini ya viatu vingi vya mlimani limetokana na jina lake.

Haya yote niliyasoma baadaye, msomaji. Laiti ningaliyasoma mapema.

Nilipopata kazi na kulipwa mshahara wangu wa kwanza wa maana, mwaka wa 2013, nilijinunulia jozi mpya kabisa dukani. Vilikuwa vizuri mno: ngozi laini, ndani kama godoro, na vyepesi. Nilivivaa mara mbili, nikaona haya kuvichafua. Nikavirudisha katika katoni yake, nikaisukuma chini ya kitanda, na kuendelea kukanyaga matope na vile vizee vya Gikomba. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Vyombo vizuri ni vya wageni, na nguo nzuri ni ya Krismasi. Chumba changu wakati huo kilikuwa na ukuta uliotoa jasho kila msimu wa mvua, na katoni ilikaa ikiegemea ukuta huohuo.

Februari 2020 mdogo wangu, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, aliniomba nimpeleke Mlima Kenya. Sisi wawili tunavaa nambari 42. Alisema atavaa vile vizee na mimi nivae vipya vyangu. Nikakataa katakata. Nikaivuta katoni, nikapangusa vumbi, nikampa vile vipya, nikajiona kaka wa kupigiwa mfano. Akavijaribu sebuleni, akaruka ruka, akanikumbatia.

Tulipitia njia ya Sirimon. Siku ya kwanza hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, hapakuwa na neno. Siku ya pili tulivuka bonde la Likii, ambako ardhi hunyonya mguu kama sifongo, na jioni tukafika Shipton's, mita 4,200. Niliona amekaa kimya, nikadhani ni kichwa kinamwuma kwa sababu ya kimo. Saa tisa usiku tulianza kupanda kuelekea Lenana, mita 4,985. Changarawe zilikuwa zimegandishwa na baridi na upepo ulikuwa ukitukata masikio. Mwendo wa kama saa moja na nusu, kiongozi wetu aliyekuwa nyuma akapiga mluzi tusimame.

Alimulika tochi kwenye mguu wa mdogo wangu. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeachama kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Ya kushoto haikuwapo kabisa. Alikuwa akikanyaga barafu kwa kitambaa na soksi iliyolowa. Nikamwuliza imetoka lini. Akasema, "Ilianza jana mtoni, kaka. Nilifunga kamba kwa ndani usione. Ni viatu vyako vipya, niliogopa utafikiri nimeviharibu."

Sitasahau maneno yale. Kiongozi hakusema mengi. Alimkalisha nyuma ya jiwe, akamvua soksi, akafungua koti lake mwenyewe na kuutia ule mguu tumboni mwake, juu ya ngozi, akakaa hivyo hadi vidole vilipoanza kuuma. Kuuma kulikuwa habari njema; vilikuwa havisikii chochote. Tukashuka gizani, kiatu kimefungwa kwa kamba ya mzigo. Pale Shipton's mpagazi mmoja alimpa viatu vyake vya mpira vya shambani, na kwa hivyo alishuka navyo hadi langoni. Kucha mbili zilitoka. Kilele hakukiona.

Baada ya kurudi nilikipeleka kiatu kwa fundi. Aliichukua ile soli akaifinya, ikamomonyoka mkononi mwake kama mkate wa juzi. Kati ya mpira wa chini na ngozi, viatu vingi vyepesi vina tabaka la povu gumu liitwalo poliyurethini. Ndilo linalofanya kiatu kiwe kama godoro. Lakini unyevu ulio hewani hulila polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu hakijatembea hatua moja. Kikifungiwa mahali penye unyevu ndipo hulika upesi zaidi, na watengenezaji wenyewe husema kuvivaa mara kwa mara kunasaidia kuliko kuviweka. Viatu vyangu vya sikukuu vilikuwa vikioza ndani ya karatasi yake nyororo, ilhali vile vya kila siku vilikuwa vikizidi kukomaa mlangoni.

Kwa hivyo hebu nikueleze ninayoyafanya sasa, nawe utachagua.

Mtu akinipa au akiniuzia viatu vilivyokaa, haidhuru viwe vinang'aa namna gani, nabonyeza kwa ukucha lile tabaka la kati. Likiacha alama isiyorudi, likionyesha nyufa ndogo kama za ardhi ya kiangazi, au unga ukinata kidoleni, navirudisha. Kisha nakikunja kiatu kwa nguvu na kutazama kama soli inaachia puani. Nanunua alasiri, kwa sababu miguu huwa imevimba kidogo kama itakavyovimba mlimani, na naenda na soksi nene nitakazovaa. Nikisimama kwenye mteremko au ngazi na kupiga mguu chini, vidole visiguse mbele. Vikigusa dukani, kucha utaziacha Sirimon.

Viatu vipya vya ngozi havipelekwi mlimani. Vaa nyumbani ukiosha vyombo, halafu Karura kwa saa mbili, halafu Ngong. Watoto wa chuo hupenda kununua Ijumaa na kupanda Jumamosi, kisha Jumapili wanapita kazini kwangu wakichechemea.

Vikilowa, toa kile kitambaa cha ndani, jaza magazeti (ndiyo, hata hili, ukishamaliza kulisoma) na uyabadilishe yakilowa. Weka kivulini penye upepo. Nimemwona jirani yangu akikausha buti kando ya jiko la makaa. Ngozi ilijikunja ikawa ngumu kama sahani, na siku ya kuvaa ikapasuka pale vidole vinapokunjia. Matope toa kwa brashi na maji baridi. Ngozi ikishakauka, pakaza nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa, hasa kwenye mishono. Kidogo, nimesema. Ukiishibisha mafuta inalegea kama sikio la mbuzi na kifundo cha mguu kinakosa mtu wa kukishika.

Na visikae katika katoni wala mfuko wa plastiki. Ndiyo sababu vyangu viko mlangoni, jambo ambalo nimejaribu kumweleza mama watoto bila mafanikio.

Gharama pia nimezipiga hesabu. Sh1,800 za kwanza, soli mbili, kamba, na nta. Kwa miaka yote hiyo sijafikia bei ya ile jozi moja ya dukani iliyotembea siku mbili na nusu. Sisemi kila kilichotumika ni bora kuliko kipya. Gikomba nimeona pia buti za kupendeza ambazo povu lake lilikuwa limekwisha kufa kabla hazijashuka kwenye meli. Ukucha wako ndio utakaokwambia.

Mdogo wangu hakuutaja mlima kwa muda mrefu. Alimaliza masomo, akapata kazi, na nilipokuwa nikienda Longonot alikuwa na udhuru kila mara. Majuzi alikuja kututembelea, akasimama pale mlangoni akivitazama vizee vyangu. Akakiinua kimoja, akakigeuza, akabonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Sikuwa nimemfundisha. Halafu akauliza, bila kunitazama, kama mwezi wa nane nitakuwa navitumia.

Jana nimevipeleka kwa mzee chini ya mwavuli. Amevigonga kama kawaida yake, akapitisha kidole kwenye ufa mmoja unaoanza kando ya mshono wa kushoto, akatikisa kichwa. Anasema ngozi itabeba soli moja zaidi, basi. Nimemwambia aishone kwa uzi mara mbili. Vitakuwa tayari Jumanne, na mke wangu amekubali kungoja hadi mdogo wangu arudi kutoka Lenana.