Ahadi laki na nusu, alichotoa sifuri!

Wiki hii sina umbea wa mastaa wala habari ya nani kamwacha nani. Nina la kwangu rohoni, limekaa muda mrefu, na leo nalitoa. Nikimaliza mtanihukumu wenyewe.

Hebu nikuulize kwanza wewe kijana wa mjini. Simu yako ina magrupu mangapi ya michango? Usinidanganye, fungua uhesabu. Kuna la harusi ya mtoto wa mjomba. Kuna la sendofu ya mfanyakazi mwenzako. Kuna la kichen pati ya dada mliyesoma naye shule ya msingi, ambaye tangu mmalize hajawahi kukutafuta mpaka siku alipotaka kuolewa. Kuna la kipaimara cha mtoto wa jirani. Na kuna lile la msiba wa mwaka juzi ambalo kila mtu anaona haya kutoka, na sasa limegeuka kuwa la salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja!

Hukuomba kuingia hata moja. Unaamka asubuhi, unawasha data, unakuta umeshatiwa. WhatsApp wenyewe waliweka tangu 2019 mahali pa kuchagua nani aweze kukuingiza kwenye grupu bila ruhusa yako, lakini nani kati yetu anagusa huko? Mtu anaogopa shangazi akishindwa kumuingiza atasema kijana kaanza maringo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Katika magrupu hayo kuna kitu kinaitwa orodha. Unaijua. Namba moja mpaka namba mia na kitu, jina, ahadi, alichotoa. Aliyemaliza anawekewa tiki ya kijani. Ambaye bado, jina lake linakaa pale na sifuri yake, asubuhi, mchana na jioni. Kila mtu akituma hela, orodha inapandishwa upya, na sifuri yako inapanda nayo.

Tulitokaje hadi hapo? Wenye umri kidogo watakumbuka harusi za Dar miaka ya 1990. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vikao vilifanyika baa ya mtaani Jumapili jioni, kreti la soda na bia pembeni. Mchango uliombwa kwa kadi, na kadi ilipelekwa kwa miguu. Mtu anatoka Temeke mpaka Magomeni kupeleka kadi tatu. Akifika anakaribishwa ndani, anapewa maji au chai, anauliza habari za watoto.

Na akiwa amekaa pale kwenye kochi, macho yake yanaona. Anaona mzee wa nyumba ana bandeji mguuni. Anaona tivii iliyokuwa kabatini haipo, imeshauzwa. Anaona chai imekuja kavu, haina hata andazi. Kadi anaiacha, maana kutokumpa mtu kadi ni tusi, lakini akirudi anamnong'oneza mweka hazina: "Yule tumwache, mambo yake siyo." Basi, yameisha. Jina linarukwa kimyakimya. Kikao kinachofuata mzee yule akija anapewa kazi ya kusimamia viti au kuongozana na gari la jenereta, na siku ya siku anakula pilau kama mwenzie aliyetoa mamilioni. Nani alijua? Mweka hazina peke yake. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Halafu hela ikaingia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya 2007, mwaka uliofuata ikawa imefika kwetu Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Aliyekuwa anatembea Temeke mpaka Magomeni akapumzika. Likabaki neno moja tu: "Tuma, na uweke ya kutolea." Mwaka 2021 tozo za miamala zilipopanda, michango nayo ikalia, maana kutuma kulikuwa na makato na kutoa kulikuwa na makato. Lakini watu hawakurudi kwenye kadi za mkononi. Miguu ilishazoea kukaa.

WhatsApp ikamalizia. Ndugu msomaji, sitaki nionekane mzee wa kulalamika kila kitu cha zamani kilikuwa asali. Hapana! Kamati za zamani zilikuwa na madudu yake. Kuna waweka hazina waliojenga banda la uani kwa michango ya watu. Kuna vikao vilivyokunywa nusu ya bajeti kabla bibi harusi hajapimwa gauni. Kuna harusi ambazo wageni walikula wali mkavu, na siku ya kuvunja kamati nyama ikawa tele. Leo ukituma elfu ishirini, baada ya dakika tano unaiona kwenye orodha. Dada aliyeko Muscat anafanya kazi za ndani anatuma mchango wa harusi ya mdogo wake na anaona umefika. Kaka aliyeko London anajua kamati imefikia wapi kabla hata ya jirani wa nyumba ya pili. Hilo ni jema, na anayelikataa ana lake jambo.

Ila jema hilo tumelilipia, na nilivyolilipia mimi ndiko ninakokuja.

Mwaka 2019 rafiki yetu wa utotoni aliamua kuoa. Tulikuwa wanne kutoka mtaa mmoja wa Tandika, tumecheza chandimu pamoja, tumepigwa na mwalimu mmoja. Mmoja ndiye huyo bwana harusi. Mwingine mimi, nikachaguliwa katibu wa kamati. Wa tatu alikuwa anauza nguo kwenye duka la mtu Kariakoo, na ndiye aliyekuwa karibu zaidi na bwana harusi. Wakati tuko darasa la sita bwana harusi aliteguka mguu uwanjani, na ni huyu wa Kariakoo aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Hilo mtaa mzima unalijua.

Kikao cha kwanza jamaa akasimama akaahidi shilingi laki moja na nusu. Tukapiga makofi. Nikaandika.

Grupu likafunguliwa, watu wakafika mia na arobaini. Mimi katibu nikawa naweka orodha kila siku saa mbili usiku. Nilikuwa naona raha, siwafichi. Nilipanga majina vizuri, nikaweka tiki za kijani, nikajumlisha chini. Watu wakawa wananisifu: katibu uko vizuri, katibu mchapakazi. Kichwa kikavimba.

Wiki mbili kabla ya harusi, nambari 17 ilikuwa bado na sifuri. Nambari 17 ndiye mshikaji wetu. Nilimtumia meseji moja binafsi, tiki zikawa za bluu, kimya. Tangu 2014 tumepewa hizo tiki za bluu, zinakwambia mtu kasoma, lakini haziwezi kukwambia kasoma akiwa wapi na katika hali gani. Mimi nikatafsiri nilivyotaka: kaona, kapuuza.

Ningeweza kupiga simu. Ningeweza kupanda daladala, ni nauli ya kwenda na kurudi tu. Sikufanya hata moja. Nikapandisha orodha nyingine.

Usiku ule shangazi mmoja upande wa bibi harusi akaandika: "Wengine ni hodari wa kupiga makofi vikaoni, kwenye mfuko ni sifuri." Hakutaja jina. Haikuwa lazima, masifuri yalikuwa manne tu na matatu yalikuwa ya watu walioko mikoani. Zikamiminika stika za kucheka. Mimi katibu, nisikieni vizuri, nami niliweka kikatuni kimoja cha kucheka machozi. Kimoja tu. Lakini nilikiweka.

Saa tano usiku likatokea lile neno dogo la kijivu katikati ya skrini: jina lake, na "ametoka". Wakati ule ukitoka grupu zima linatangaziwa. Ni mpaka 2022 ndipo WhatsApp walipobadilisha, ukitoka wanaoarifiwa ni viongozi wa grupu tu. Kwa mshikaji wetu rehema hiyo ilichelewa miaka mitatu. Watu mia na arobaini walimwona akitoka mlangoni na stika za kucheka zikamsindikiza.

Harusini hakuja. Bwana harusi aligeuka nyuma mara mbili tatu akimtafuta, baadaye akanuna, akasema kumbe rafiki ni wa maneno. Viti vya ukumbini vilichelewa kupangwa, wageni wakasimama karibu saa nzima, kwa sababu hatukuwa na mtu wa kusimamia viti.

Miezi michache baadaye nilikutana naye kituo cha mabasi Mbagala, ana mfuko wa nguo begani, anatembeza mkononi. Nilitaka kuzuga sikumwona, akaniwahi yeye. Akaniambia duka la Kariakoo lilifungwa wiki moja baada ya kile kikao cha kwanza. Tajiri aliondoka na mzigo wake, na mshahara wa miezi miwili haukuonekana. Mtoto akaugua. Nikamuuliza, sasa mwanangu mbona hukusema?

Akanitazama. "Ningesema wapi? Kwenye grupu la watu mia na arobaini? Kila nikifungua nikiandika, naona orodha yako imepanda. Nilikuwa nakuja kukwambia nipangie kazi ya viti, nilale ukumbini hata siku mbili. Nikaona hamna mahali pa kuandika hiyo."

Msomaji wangu, niliishiwa maneno pale kituoni. Maana ni kweli. Orodha yangu ilikuwa na jina, ahadi, na alichotoa. Jasho halikuwa na safu yake. Mtu aliyembeba bwana harusi mgongoni, kwenye hesabu zangu alikuwa sifuri.

Haikuishia hapo. Mwaka 2023 baba yake bwana harusi alifariki. Grupu jingine likafunguliwa, mimi safari hii nikakataa ukatibu. "Poleni sana" zikajaa, mikono ya kuomba dua ikapangwa mistari na mistari, mpaka tangazo la muda wa mazishi likapotea huko juu na watu wakawa wanauliza tena tunazika saa ngapi. Rambirambi zikaingia na orodha ikapanda. Asubuhi nilipofika msibani, mtu wa kwanza niliyemkuta anafunga kamba za turubai alikuwa nani? Nambari 17! Hakuwemo kwenye grupu. Alisikia kwa watu wa mtaani, akapanda basi usiku. Alichimba kaburi na alibeba jeneza. Makaburini yeye na mwenye msiba walishikana mikono muda mrefu, hawakuongea. Wamerudi kusalimiana. Kama zamani? Hapana, bado. Kuna kitu kilivunjika na mimi najua nani alikipiga nyundo.

Sasa ninyi wenzangu mlio na umri wa kuoa na kuolewa, kamati ni zenu sasa, nisikilizeni. Sisemi tuvunje magrupu. Nasema tuyafundishe adabu. Orodha iwe ya waliotoa tu, na asiyetoa jina lake lisiandikwe; kusiwe na sifuri mbele ya jina la mtu. Ahadi abaki nazo mweka hazina kwenye daftari lake, kama zamani. Anayedaiwa apigiwe simu, tena na mtu anayemfahamu, na kwanza aulizwe hali, mchango baadaye. Akiwa karibu, aendewe. Nauli ya daladala haiwezi kuishinda bajeti ya keki!

Na katika kila orodha wekeni sehemu ya pili: nani atapanga viti, nani atabeba maji, nani atalala na vyombo ukumbini. Wapo watu mjini hapa ambao mfukoni hawana kitu ila mikono wanayo, na wanaona aibu kuja mikono mitupu kwa sababu tumewazoesha kuwa mikono si mchango. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunausema sana huo msemo kwenye kanga, kwenye grupu tunausahau.

Na wewe uliyepitiwa na sifuri wiki hii, unayefungua grupu ukijificha, usiondoke usiku kimyakimya. Mtafute mtu mmoja kwenye kamati umwambie ukweli. Akikucheka, yeye ndiye mwenye shida.

Mimi mshikaji wangu nilimwomba radhi kituoni siku ile. Alicheka, akanipiga begani, akaniuzia shati. Shati lenyewe lilikuwa linanibana, lakini nilinunua na sikuomba punguzo.

Haya, tukijaaliwa tukutane wiki ijayo hapa hapa. Na kama kuna grupu umenitia bila kuniuliza, nimeliona. Nitakupigia.